Jiwe na Karatasi Yake

Watu husema jiwe halifi. Mwanadamu hufa, mti hufa, hata nyumba hufa ikikosa mwenyewe. Jiwe ndilo hubaki. Ndiyo maana kaburi huwekewa jiwe, na mtu mwenye moyo mgumu hufananishwa nalo. Lakini katika chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili huko Buguruni, Dar es Salaam, wakati wa masika ya mwaka 2018, jiwe moja lilikuwa likifa, na harufu ya kufa kwake ndiyo iliyomwamsha mjane mmoja usingizini.

Nyumba hiyo iko nyuma ya Barabara ya Uhuru, si mbali na pale inapokutana na Barabara ya Mandela. Ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na uani mna jiko, bafu na mpapai mmoja. Usiku malori ya bandarini hayalali, na mngurumo wake hutikisa vikombe kabatini. Bibi mwenye nyumba, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuvuka miaka sabini, alikaa chumba cha mbele cha kulia, vilivyobaki alivipangisha. Chini ya kitanda chake palikuwa na kasha la mninga, na ndani ya kasha palikuwa na urithi pekee ambao wanawe hawakuugombea.

Marehemu mumewe alikuwa mtu wa Lindi, na kazi yake ilikuwa udereva. Kwa miaka mingi aliwaendesha watafiti wa miamba katika nchi ya kusini, kati ya Kilwa na Lindi, akilala hemani walikolala na kula walichokula. Wataalamu walichukua walivyovitaka, na vilivyovunjika au vilivyojirudia waliviacha. Dereva akaviokota. Hivyo kasha lilikuwa na bonge la chumvi la ukubwa wa ngumi, vipande viwili vya sandarusi, makombe na kaure kutoka ufukweni, mawe ambayo hata yeye hakuyajua majina, na juu ya yote, kitu alichokipenda kuliko vyote: gamba la mnyama wa bahari ya kale, limejikunja mfano wa pembe ya kondoo, limegeuka jiwe, na jiwe lenyewe linang'ara kama dhahabu. Kila kitu kilikuwa na karatasi yake, imekunjwa mara mbili na kuwekwa chini yake. Karatasi hizo marehemu aliziandika kwa Kiswahili, lakini kwa harufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni utotoni. Alikuwa akisema kwamba harufi za shule alizitumia kwa kazi za watu, na hizi alizitumia kwa mambo yake.

Usiku huo wa masika bibi aliamka akadhani kuna kitu kinaungua. Harufu ilikuwa ya kiberiti. Si cha njiti, bali kile cha asili ambacho njiti ziliazima jina lake. Alifungua kasha asubuhi na kukuta gamba la dhahabu limefifia, limepasuka sehemu mbili, na limevikwa unga wa rangi ya majivu na manjano. Alipoligusa, kipande kilikatika kama ukoko wa mkate mkavu. Karatasi iliyokuwa chini yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, na katikati pamefanyika tundu.

Majirani hawakukosa la kusema. Mmoja alisema kitu chenye harufu ya kiberiti si cha kuweka chini ya kitanda, na kwamba yafaa kitupwe bonde la Msimbazi kabla hakijaleta mengine. Mwingine alishauri kioshwe kwa maji ya magadi, kwa kuwa magadi hukata uchachu. Bibi alikuwa amekwisha kuteka maji kwenye beseni wakati mpangaji wa chumba cha tatu alipotoka kwenda chuoni. Alikuwa kijana wa bara, mwanafunzi wa jiolojia, mpole na mwenye haya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unitazamie jiwe hili, si ndiyo masomo yako?"

Kijana aliinama, akanusa, akatazama beseni, na neno la kwanza alilolitamka lilikuwa ombi. "Bibi, nakusihi, maji usiyatie. Maji ndiyo yanayoliua."

Siku hiyo hakwenda chuoni. Alikaa kizingitini akamweleza bibi habari ya madini yaitwayo pairaiti, ambayo wengi huyadhania dhahabu mpaka wayapeleke kwa sonara. Ni chuma kilichofungamana na kiberiti, basi. Na mahali pake pa kuzaliwa ni pale ambapo hewa haifiki. Mtu wa pwani hana haja ya kwenda mbali kupajua. Anayekanyaga tope jeusi la mikoko maji yakiwa yamekupwa, na kunusa ule mnuko wa yai viza unaopanda kutoka kwenye nyayo zake, amefika kiwandani. Ndani ya tope lile vijidudu visivyohitaji hewa hula majani na viumbe vilivyooza, na kwa kula huko hutoa gesi ya kiberiti; gesi hukutana na chuma kilichomo matopeni, na pairaiti huanza kujengeka chembe kwa chembe. Gamba la mnyama wa bahari aliyezama katika tope kama hilo mamilioni ya miaka iliyopita liliweza kujazwa madini haya mpaka likawa sanamu ya dhahabu ya mwenyewe aliyekufa.

Kwa hiyo gamba lile lilihifadhiwa na giza na ukosefu wa hewa. Siku lilipotolewa ardhini, lilitolewa pia katika amani yake. Hewa ina oksijeni, na hewa ya pwani ina unyevu. Viwili hivyo vikikutana juu ya pairaiti, hasa ile yenye chembe ndogondogo zilizoshikana kwa ulegevu, madini huanza kurudi yalikotoka. Kiberiti hugeuka tindikali kali, ile ile iliyomo katika betri za magari. Chuma hugeuka chumvi ya unga. Chumvi hiyo huhitaji nafasi kubwa kuliko pairaiti iliyoizaa, hivyo huvimba ndani ya nyufa na kulipasua jiwe kutoka ndani. Nayo tindikali haitosheki na jiwe: hula boksi, hula pamba, hula karatasi. Tena chumvi yenyewe huvuta unyevu zaidi kutoka hewani, na unyevu huzaa tindikali zaidi. Bandu bandu huisha gogo. Na hivi ndivyo jiwe nalo huisha.

Katika makumbusho za Ulaya jambo hili huitwa ugonjwa wa pairaiti. Zamani wahifadhi walidhani ni ugonjwa kwa maana halisi, kwamba bakteria ndio waliolila jiwe, wakalipaka dawa za kuua vijidudu. Uchunguzi uliofanywa baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1970, ulionyesha kwamba katika kabati za makumbusho mkosaji mkubwa ni unyevu. Hewa ikipita asilimia 60 ya unyevu, maangamizi hushika kasi. Ikiteremshwa chini ya 50, hupungua. Na kwa jiwe lililokwisha kuanza kuugua, hushauriwa iteremshwe zaidi, kiasi cha 40 au chini ya hapo.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo kijana hakulitarajia. "Na hewa ya humu chumbani mwangu ni asilimia ngapi?"

Kijana hakuwa na kipimo. Lakini bibi alikuwa nacho, bila kujua. Aliposikia kwamba chumvi ya kawaida huanza kujinywea maji ya hewani unyevu unapofika asilimia 75 hivi, alikwenda jikoni akarudi na kopo lake. Chumvi ilikuwa imelowa na kushikana, na punje za mchele alizozitia humo, kama wanawake wa pwani wanavyofanya tangu zamani, zilikuwa zimevimba. "Basi ni zaidi ya 75," alisema bibi, "maana inalia tangu mfungo." Na bonge la chumvi lililokuwamo kashani nalo lilikuwa limetoka jasho, limeilowesha karatasi yake na kupoteza ncha zake zote. Mawe mawili yalikuwa yakifa katika kasha moja, kila moja kwa kifo chake, na muuaji alikuwa mmoja.

Siku ya pili kijana alikwenda Kariakoo. Kutoka Buguruni ni mwendo mfupi kwa daladala, ila Kariakoo haina ufupi kwa mtu anayetafuta kitu ambacho hakiuzwi. Alichokitafuta kilikuwa takataka. Viatu, mikoba, redio na simu zinazoshushwa katika Mtaa wa Kongo na mitaa jirani huja na vipakiti vidogo vya karatasi nyeupe vyenye onyo la kutoliwa. Wenye maduka huvitupa wanapofungua maboksi, na watoto huvipiga teke. Ndani yake mna punje za silika jeli, kitu chenye asili moja na mchanga, lakini chenye vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, ambavyo hunasa mvuke wa maji. Kilo moja ya punje kavu yaweza kunywa robo kilo ya maji na zaidi, na ikitazamwa huonekana kavu vile vile. Wauza viatu walimcheka kijana, kisha wakamsaidia. Jioni alirudi na mfuko uliojaa, na kipimo kidogo cha unyevu alichokinunua kwa fedha za nauli za wiki nzima.

Kipimo cha bei rahisi hakiaminiki mpaka kijaribiwe, na hapo tena kopo la chumvi likafanya kazi. Kijana alitia chumvi katika kizibo cha chupa, akailowesha kwa matone machache ya maji mpaka ikawa kama uji mzito, akaiweka pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga imara na kuuacha usiku kucha. Chumvi iliyolowa hivyo, ikifungiwa, huifanya hewa iliyo pamoja nayo itulie penye asilimia 75, wala haizidi wala haipungui sana. Asubuhi kipimo kilisoma 79. Basi wakajua kwamba kinazidisha nne, na tangu siku hiyo kila walichokisoma walikipunguzia nne.

Punje za Kariakoo zilikuwa zimekwisha kushiba maji njiani, kwa hiyo zilihitaji kukaushwa. Bibi alizitoa katika vipakiti, akazipima katika mizani ya duka la jirani, akazimimina katika sufuria kavu juu ya mkaa hafifu, akazigeuza kwa mwiko polepole kwa zaidi ya saa moja kama mtu anayekaanga bizari. Zile za rangi ya buluu, chache, kijana alizitenga kwanza, kwa sababu rangi hiyo hutokana na chumvi ya kobalti, nayo ni sumu. Zilizobaki zilipopimwa tena zilikuwa zimepungua uzito, na kilichopungua kilikuwa maji. Zikatiwa katika mfuko wa kitambaa, mfuko ukawekwa ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, na jiwe la dhahabu, likiwa limefagiliwa unga wake uani kwa brashi laini huku wote wawili wamejifunga vitambaa puani, likalazwa juu ya kisahani cha kigae ndani ya ndoo hiyo. Kipimo nacho kikaingia.

Makumbusho kubwa hufanya zaidi ya hayo. Jiwe lililougua huwekwa kwanza katika mvuke wa amonia ili tindikali iliyomo iuawe, au hupakwa dawa maalumu inayoiyeyusha ile chumvi ya chuma bila kutumia maji mengi. Kisha nyufa huimarishwa kwa gundi inayoyeyuka katika asetoni, iwezayo kuondolewa tena siku ikitakiwa. Kijana hakuwa na dawa hizo, na alikataa shauri la fundi seremala wa jirani la kulipaka jiwe vanishi. Vanishi haizuii hewa wala unyevu kupenya milele; huufunika ugonjwa tu, na ugonjwa uliofunikwa huendelea.

Vitu vingine vya kasha navyo vilipewa kila kimoja hukumu yake. Makombe na kaure yalikuwa yameota ukungu mweupe, na bibi alidhani ni uchafu wa kawaida. Haukuwa uchafu. Mwingereza mmoja mkusanyaji wa makombe, Loftus St. George Byne, aliuandika ukungu kama huo mwaka 1899, akidhani ni maradhi ya kuambukizana kutoka kombe moja hadi jingine. Na maradhi hayo yana jina lake hadi leo. Baadaye ikajulikana kwamba mkosaji ni kabati. Mbao hutoa polepole mvuke wenye uchachu wa siki, na kombe, ambalo ni ndugu wa chokaa, huliwa na uchachu huo hewa ikiwa na unyevu. Kasha la mninga ambalo marehemu alilichonga kwa mapenzi ndilo lililokuwa likiyala makombe yake. Yakahamishiwa katika mitungi ya kioo.

Ila sandarusi haikutiwa katika ndoo kavu. Utomvu huu wa miti ya kale, ambao wachimbaji wa Mrima waliuchimbua ardhini na ambao katika karne ya 19 ulisafirishwa kupitia Unguja hadi Ulaya, India na Marekani kutengenezewa vanishi, una ugonjwa wake tofauti. Nuru na hewa huukausha uso wake ukapasuka vipasuko vyembamba kama udongo wa kiangazi, na ukavu wa kupita kiasi huuzidishia madhara. Dawa ya mmoja ni sumu ya mwenzake. Vipande viwili vya sandarusi vilifungwa katika kitambaa na kuwekwa mahali penye giza na ubaridi kiasi, katika chungu cha udongo mbali na jiko.

Hayo yote yalichukua siku kumi. Na katika siku hizo zote bibi hakuwa na raha, kwa sababu kijana alikuwa akishughulikia jiwe, na yeye alikuwa akiiwazia karatasi.

Ipo sababu. Babu wa marehemu alikuwa mmoja wa wapagazi wa Tendaguru. Mwaka 1909, mwaka huo huo aliozaliwa Shaaban Robert, makumbusho ya Berlin ilituma wataalamu katika kilima hicho kilichoko bara ya Lindi, miaka miwili tu baada ya vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Uchimbaji uliendelea hadi mwaka 1913, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Wenyeji mamia kwa mamia waliajiriwa, wakachimba mifupa ya dinosaria, wakaifunga na kuibeba kwa mabega na vichwa mwendo wa siku nne hadi Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini. Mmoja wa dinosaria hao amesimama Berlin tangu mwaka 1937, urefu wake mita 13 na ushei, na watu wa mataifa yote huinua shingo kumtazama. Lakini majina ya waliombeba ni machache sana yanayojulikana. La msimamizi Boheti bin Amrani lilihifadhika kwa sababu wenzake waliliandika. Na mwaka 2007, takriban karne moja baadaye, mwanasayansi wa Kijerumani alimpa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Boheti alikuwa na karatasi. Babu wa marehemu hakuwa nayo.

Marehemu alikuwa akilisema jambo hilo mara nyingi, bila hasira, kama mtu anayesema habari za mvua. Na ndiyo maana katika karatasi zake hakuandika majina ya wataalamu aliowaendesha. Hayo, alisema, yana vitabu vyao. Aliandika mahali, mwaka, na jina la mtu aliyeinama kwanza akakiokota kitu chenyewe: kibarua, mchunga mbuzi, mwanamke aliyekuwa akichimba mihogo. Karatasi ya jiwe la dhahabu ilikuwa na jina kama hilo. Na hapo ndipo tindikali ilipotoboa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wahifadhi wa makumbusho husema jambo hilo hilo kwa maneno yao: jiwe lililopoteza kibandiko chake limepoteza nusu ya thamani yake, kwa kuwa halisemi tena lilitoka wapi, katika tabaka gani, wala nani alilipata. Laweza kuendelea kung'ara, ila ni bubu.

Kijana aliinyanyua karatasi kwa kisu chembamba, akailaza kati ya plastiki mbili safi, akaipiga picha kwa simu yake chini ya jua la pembeni. Kisha akaishia hapo. Alizijua tabaka za miamba kwa majina yake yote, lakini maandishi yale kwake yalikuwa mistari tu. Basi wakabadilishana nafasi: aliyekuwa mwalimu akawa mwanafunzi, na bibi akavaa miwani.

Alisoma mahali. Alisoma mwaka. Alisoma maneno "imeokotwa na", na hapo akanyamaza. Jina lilikuwapo, mwili wake umebaki, ila nukta zake zilikuwa zimeliwa. Msomaji anayezijua harufi hizo ataielewa balaa. Jino moja dogo juu ya mstari, likikosa nukta, laweza kuwa be, te, the, nun au ye. Katika jina lile meno kama hayo yalikuwa mawili. Marehemu hakutia irabu, maana yeye alilijua jina na hakudhani atakuja msomaji asiyelijua.

Lipo jambo la ajabu katika uharibifu ule, na kijana ndiye aliyelieleza. Unga wa kijivu uliokula karatasi ulikuwa na chumvi ya chuma na kiberiti, ya ukoo mmoja na mrututu. Chumvi hiyo hiyo, kwa karne nyingi, ndiyo iliyotengenezewa wino huko Ulaya: waliiacha pairaiti iozee mvuani, wakaikusanya chumvi yake, wakaichanganya na maji ya vinundu viotavyo juu ya mwaloni, wakapata wino mweusi. Wino huo uliandika mikataba na mashairi, na mwingine ukaja kuila karatasi iliyoubeba, kwa sababu tindikali haikuondoka ndani yake. Bibi alitikisa kichwa. "Kwa hiyo wino na kilichoufuta ni ndugu," alisema.

Kijana alitaka kumsaidia. Alimwomba ajaribu majina anayoyajua, ya watu wa Lindi, ya watu wa wakati ule. Moja katika hayo lingekaa vizuri. Bibi aliyajaribu. Manne yalikaa. Kijana akamwambia, kwa nia njema, achague lile lililo la kawaida zaidi, waliandike upya kwenye karatasi safi, mambo yaishe.

Bibi alikaa kimya kwa muda. Uani mvua ilikuwa imeanza tena, ile ya Aprili ambayo mwaka huo ilijaza bonde la Msimbazi na kuwatoa watu majumbani mwao. Kisha alisema: "Nikitia nukta ambazo sizijui, nitakuwa nimemwandika mtu mwingine. Huyu atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii nitakuwa nimemuua mimi."

Akachukua karatasi mpya na kalamu ya risasi, kwa kuwa kijana alimwambia risasi haina tindikali, wala haififii upesi kama wino. Akanakili mahali, mwaka, na maneno "imeokotwa na". Alipofika penye jina alilichora kama lilivyobaki, na meno yake mawili bila nukta. Chini yake kijana akaandika kwa harufi za Kilatini kwamba jina halisomeki lote, kwamba nukta ziliharibika mwaka 2018, na kwamba karatasi ya asili imehifadhiwa peke yake chini ya namba ile ile. Namba ikaandikwa mahali patatu: kwenye karatasi ya zamani, kwenye mpya, na kwenye kisahani cha jiwe.

Mwezi uliofuata wawili hao walipanda daladala hadi Posta, wakaenda kwa miguu hadi Makumbusho ya Taifa, katika Mtaa wa Shaaban Robert. Jengo la kwanza pale lilifunguliwa mwaka 1940, na ndipo lilipopelekwa mwaka 1965, likitokea Kenya, fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Bibi hakukaa sana mbele ya mafuvu. Alipita kabati kwa kabati akitazama vibandiko, akimwuliza kijana kila mara kama yameandikwa majina ya waliookota. Walipotoka alisimama kidogo chini ya kibao cha mtaa, akakisoma jina la mshairi kwa sauti, herufi kwa herufi, na kuonekana ameridhika kwamba hilo angalau halikukosa kitu.

Jiwe bado halijakabidhiwa kwa mtu. Bibi amesema litakwenda siku moja mahali panapostahili, kwa sharti moja: lisiondoke bila karatasi zake mbili. Kijana amekwisha kumaliza masomo na kuhama, lakini kila masika yanapokaribia bibi humimina punje zake katika sufuria, akazikausha juu ya mkaa na kuzirudisha ndooni. Kisha huvaa miwani, akakitazama kipimo, akapunguza nne.

Jirani zake wa zamani wameacha kuuliza. Wapangaji wapya huuliza, wakidhani anakaanga kitu cha kula. Naye huwaonyesha karatasi kwanza, ndipo awaonyeshe jiwe. Na akipata mgeni anayetoka kusini humsogezea lile jina lisilo na nukta, akamwambia asome polepole, asikisie.